Mwacha Asili ni Mtumwa? Siri za Nasaba na Ubaguzi katika Mji wa Pangani Baada ya Utumwa

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa" hutumiwa leo kuwaonya vijana wasidharau mila za wazee wao. Anayeitamka kwa kawaida hafikirii utumwa hata kidogo. Analenga mavazi, lugha au adabu. Hata hivyo, katika miji midogo ya mwambao wa Tanzania, ambamo watu wengi mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa watumwa au wazao wa watumwa, methali hiyo ina uzito wa aina yake. Mtu aliyeletwa pwani akiwa mtoto, akapewa jina jipya, dini mpya na nyumba isiyo ya wazazi wake, hakuiacha asili yake. Aliporwa. Wajukuu wake waliorithi kimya mahali pa nasaba walijikuta wakihukumiwa na methali ileile: hawakuwa na asili ya kutaja, na asiyetaja asili alihesabiwa mtumwa.

Makala haya yanachunguza kimya hicho katika mji wa Pangani, uliopo katika Mkoa wa Tanga. Swali la msingi ni hili: kwa nini asili ya utumwa iliendelea kuwa siri ya familia baada ya utumwa wenyewe kufutwa kisheria, na siri hiyo ilimfaa nani? Hoja inayotetewa ni kwamba siri ya nasaba haikuwa jambo lisilojulikana. Ilikuwa jambo lililojulikana na wengi lakini lililosemwa kwa nyakati maalumu tu, hususan wakati wa posa na wakati wa mirathi. Kwa sababu hiyo ilikuwa na sura mbili. Kwa wazao wa watumwa ilikuwa kinga. Kwa wazao wa mabwana ilikuwa akiba ya mamlaka. Sheria ilitoa uhuru, haikutoa asili. Kazi ya kutengeneza asili iliachiwa familia zenyewe, na nyenzo kuu waliyokuwa nayo ilikuwa ni kimya.

Ushahidi unaotumika ni wa aina tatu. Kwanza ni kazi za wanahistoria waliochunguza utumwa na matokeo yake katika mwambao, hasa Glassman (1995), Deutsch (2006), Cooper (1977), Strobel (1979), Fair (2001) na McMahon (2013), pamoja na maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Pili ni sheria na amri zilizoufuta utumwa hatua kwa hatua, pamoja na fiqhi ya madhehebu ya Shafi iliyofuatwa na Waislamu wengi wa pwani. Tatu ni msamiati wa Kiswahili wenyewe, ambao umehifadhi mambo ambayo familia hazikupenda kuyahifadhi.

2.0 Pangani: Mto, Miwa na Watu Walioletwa

Mji wa Pangani upo kwenye mlango wa mto wenye jina hilohilo, ukingo wa kaskazini, ukitazamana na Bweni ng'ambo ya pili. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 maisha ya mji yalisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ilikuwa biashara ya misafara iliyoleta pembe za ndovu kutoka bara, kupitia njia za kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Ya pili ilikuwa kilimo cha miwa kando ya mto. Glassman (1995) anaonesha kwamba mashamba hayo, mengi yakiwa mikononi mwa Waarabu, yalibadili uhusiano wa bwana na mtumwa. Miwa haingoji: ikishakatwa sharti ikamuliwe, na maji yake yakishakamuliwa sharti yachemshwe. Kazi ya namna hiyo ilidai usimamizi mkali kuliko kazi ya minazi au ya bustani. Mwaka 1873 baadhi ya watumwa wa mashamba ya Kikogwe, karibu na Pangani, waliasi na kutoroka. Hilo ni dalili kwamba waliokuwa chini ya mfumo huo hawakuuona kuwa wa haki hata siku ulipokuwa na nguvu zote.

Watumwa hawakuwa kundi moja. Maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa eneo la Bagamoyo, yanamtofautisha mtumwa aliyeletwa kutoka bara na mzalia, yaani aliyezaliwa pwani katika nyumba ya bwana wake. Aliyeletwa karibuni aliitwa mjinga, kwa maana kwamba hajui lugha wala desturi za mji. Mzalia alijua lugha, dini na adabu, na aliona aibu kulinganishwa na mjinga. Baina yao walikuwapo watumwa wa shamba, watumwa wa nyumbani, mafundi, wapagazi na vibarua. Juu yao walisimama waungwana: majumbe na koo zilizojinasibisha na Ushirazi, na Waarabu waliomiliki mashamba na kukopesha misafara.

Ngazi hizi zina umuhimu kwa hoja yetu, kwani zinaonesha kuwa ubaguzi wa asili haukuwa mstari mmoja unaowatenga walio huru na wasio huru. Kila ngazi ilikuwa na mtu wa kumdharau chini yake. Mzalia aliyemwita mwenzake mjinga alikuwa anajipandisha kwa kutumia lugha ya bwana. Tabia hiyo haikufa utumwa ulipokufa. Ilihamia katika maneno kama mshenzi, mtu wa kuja na mtu wa bara, na ikawa namna ya kujihakikishia uenyeji kwa kumnyima mwingine.

3.0 Uhuru Uliokuja Kidogo Kidogo

Unguja na Pemba zina tarehe ya kutaja. Mkataba wa 1873 alioutia saini Sultani Barghash ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Amri ya 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, na mwaka 1909 masuria nao waliingizwa katika uhuru huo. Katika mwambao wa Kenya hadhi hiyo iliondolewa mwaka 1907. Pangani ilikuwa katika eneo la Wajerumani, na historia yake ni tofauti.

Wajerumani waliingia Pangani kwa vita. Upinzani wa 1888 ulioongozwa na Abushiri bin Salim ulimalizika kwa yeye kunyongwa mjini humo mwezi Desemba 1889. Ingawa vita hivyo vilielezwa Ulaya kama vita dhidi ya biashara ya watumwa, serikali ya Kijerumani haikuufuta utumwa. Deutsch (2006) anaeleza kwamba ilichagua njia ya kuuacha umalizike polepole, kwa kuhofia kuwaudhi wenye mashamba na kupoteza nguvu kazi. Watumwa waliweza kujikomboa kwa malipo, kukombolewa na wengine au kuachwa huru na mabwana wao, na ofisi za serikali zilitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu ya watu. Amri ya 1904 ilitamka kwamba watoto wote watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa rasmi mwaka 1922 kwa sheria ya serikali ya Waingereza iliyoitawala Tanganyika.

Matokeo ya mpangilio huu hayajapewa uzito unaostahili. Pangani haikuwa na siku moja ya uhuru. Hakukuwa na asubuhi ambayo mji mzima uliamka ukiwa umevuka kutoka hali moja kwenda nyingine, wala sherehe ambayo watoto wangeweza kusimuliwa. Kila familia ilivuka peke yake, kwa mwaka wake na kwa njia yake: huyu kwa hati, yule kwa kutoroka, mwingine kwa kufiwa na bwana, mwingine kwa kuzaliwa tu baada ya tarehe iliyowekwa. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuwa, mkubwa mtumwa kwa kuzaliwa 1904, na mdogo huru kwa kuzaliwa 1906, hali wakila sahani moja. Uhuru wa namna hiyo ulikuwa jambo la ndani ya nyumba tangu mwanzo, na jambo la ndani ya nyumba ni rahisi kuwa siri.

Hati ya uhuru yenyewe ilibeba utata. Karatasi inayothibitisha kwamba mtu yu huru ndiyo hiyohiyo inayothibitisha kwamba alikuwa mtumwa. Ilimlinda aliyepewa na kumfichua mjukuu wake. Familia ya waungwana haikuhitaji hati kama hiyo, hivyo kuwa nayo kulikuwa ushahidi dhidi ya mwenye nayo. Kadiri hatari ya kurudishwa utumwani ilivyopungua, ndivyo hati hiyo ilivyopungua thamani na kuzidi hatari.

4.0 Mahali Siri Ilipotunzwa

4.1 Jina

Watumwa wengi walipewa majina ambayo waungwana hawakuwaita watoto wao. Orodha za wapagazi wa misafara ya karne ya 19 zimejaa akina Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka na Farjala: majina ya baraka, vito na faraja ambayo bwana alimpa mtu kama anavyokipa chombo chake jina. Muungwana alitajwa kwa jina lake, la baba yake na la ukoo. Mtumwa alitajwa kwa jina lake na la bwana wake. Njia ya kwanza ya kutoka utumwani, kwa hiyo, ilikuwa kuwapa watoto majina ya Mtume, ya maswahaba na ya mawalii. Kizazi cha pili kiliitwa Muhammad, Ali, Fatuma au Mwanaisha, na katika kizazi cha tatu jina la babu likawa halitajwi ila na watu wazima sana.

Nisba ya ukoo au kabila ilifuata mkondo huo. Pangani haina takwimu za wazi juu ya jambo hili, lakini Unguja, ambako watu wa Pangani walikuwa na ndugu na biashara, ushahidi upo. Fair (2001) anaonesha kwamba kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiita Waswahili katika visiwa ilishuka sana, kwa kuwa jina hilo lilikuwa limeanza kuchukuliwa kama jina la watumwa wa zamani, huku wengine wakijiandikisha kwa majina yenye heshima zaidi. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni jibu walilompa karani. Afisa wa sensa aliweza kuliona jambo hilo kuwa udanganyifu. Mwanahistoria hana budi kuliona kuwa tendo la kisiasa: watu walionyimwa asili walikuwa wakijichagulia moja.

4.2 Nguo

Katika zama za utumwa mavazi yalikuwa sheria isiyoandikwa. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa kama muungwana. Mwanamume hakuvaa kofia, na mwanamke hakujitanda mbele za watu wa mji. Kaniki na merikani zilikuwa nguo za kazi na za hali ya chini. Baada ya utumwa, kama Fair anavyoeleza kwa upande wa Unguja, wanawake waliachana na nguo hizo wakachukua kanga na baadaye buibui. Buibui lilikuwa na faida ambayo hata mafundi waliolishona huenda hawakuikusudia: lilimfunika mjukuu wa bwana na mjukuu wa kijakazi kwa kitambaa kileile cheusi. Njiani hawakutofautishika. Tofauti yao ilibaki katika kumbukumbu za waliowajua bibi zao.

4.3 Neno

Lugha nayo ilificha kwa njia yake. Neno kibarua lilihusishwa na barua ndogo au cheti cha kazi, na katika miji ya pwani lilimtaja mtumwa aliyekodishwa kwa ujira wa siku, ambaye sehemu ya ujira huo aliupeleka kwa bwana wake. Leo neno hilo lina maana ya kazi yoyote ya kutwa na mtu yeyote anayeifanya, na anayelalamika kwamba kibarua chake kimeota nyasi hajui kuwa analitaja soko la watumwa wa kukodi. Neno uungwana limesafiri upande wa pili: kutoka hadhi ya kuzaliwa huru hadi tabia njema ya mtu yeyote. Methali "Uungwana ni vitendo" inatetea safari hiyo. Inamwambia mwenye kujivunia nasaba kwamba heshima hairithiwi. Inapowekwa karibu na "Mwacha asili ni mtumwa", tunaona kuwa Kiswahili chenyewe kimehifadhi pande zote mbili za mgogoro, na kila upande una methali yake ya kushikia.

5.0 Mahali Siri Ilipotolewa

5.1 Posa

Katika mji mdogo posa ni mahakama ya nasaba. Madhehebu ya Shafi yanaizingatia kafaa, yaani ulinganifu wa mume na mke, na miongoni mwa vigezo vyake ni nasaba na uhuru. Mwanamume aliyeachwa huru, au mwenye asili ya utumwa, hakuhesabiwa kuwa sawa na mwanamke wa kiungwana, na walii wa mwanamke alikuwa na haki ya kupinga. Hapa ndipo kimya cha miaka mingi kilipovunjwa. Wazee waliokaa baraza moja na babu wa mwoaji, wakasali naye safu moja na kumzika kwa heshima, ndio waliotumwa kuuliza "ni watu gani hao?" Jibu lilikuwa linajulikana. Swali lilikuwa na kazi nyingine: kukumbushana nani mwenye haki ya kuuliza.

Ubaguzi wa aina hii hauhitaji matusi. Posa haikatazwi kwa kusema "babu yako alikuwa mtumwa." Hukatazwa kwa kusema binti bado mdogo, au ameshaposwa na binamu yake, au wazee hawajakaa. Anayekataliwa anaelewa, na kwa kuwa hakuna lililosemwa hana la kujibu. Siri, kwa hiyo, haimlindi mwenye nayo wakati wote. Humnyima pia nafasi ya kujitetea.

5.2 Mirathi

Mahali pa pili ni mirathi. Katika sheria ya Kiislamu uhusiano baina ya mwachaji huru na aliyeachwa huru haukukatika, unaitwa wala. Aliyeachwa huru akifa bila warithi wa damu wa kuimaliza mali yake, aliyemwacha huru, au warithi wake wa kiume, wanaweza kudai mali hiyo. Katika Unguja na Pemba madai ya namna hii yalifikishwa mbele ya makadhi hata baada ya 1897. Maana yake ni kwamba mtu aliweza kuishi maisha yote kama muungwana, akajenga nyumba na kununua minazi, na siku ya matanga familia ya bwana wa zamani ikabisha hodi. McMahon (2013) anaeleza jinsi watumwa wa zamani wa Pemba walivyojitahidi kuhama kutoka heshima ya kuzaliwa nayo kwenda heshima ya kustahiki. Wala iliweza kuipindua safari hiyo kwa siku moja, tena mwenyewe akiwa kaburini.

5.3 Suria, na siri ya upande wa pili

Mpaka hapa siri imeonekana kama mzigo wa wazao wa watumwa peke yao. Sivyo. Bwana aliyezaa na mjakazi wake akamkiri mtoto, mtoto huyo alikuwa huru, halali na mrithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Mama hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Lakini mwanamke huyohuyo, kama angeozwa mtumwa mwenzake, watoto wake wangekuwa watumwa. Tumbo moja, hukumu mbili. Sultani Barghash, aliyeifunga biashara ya watumwa baharini, alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Dada yake Salme, aliyejulikana baadaye Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, mama yake alikuwa suria wa Kicherkasi, na aliyaeleza maisha ya nyumba hiyo bila kificho katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886.

Ni dhahiri basi kwamba familia za mabwana zilikuwa na bibi watumwa kama zilivyokuwa nao familia za watumwa. Ubaguzi haukuwa wa damu. Ulikuwa wa hesabu ya damu. Nasaba ilihesabiwa kwa baba, na hesabu hiyo ilimfuta bibi wa kijakazi katika ukoo mmoja na kumfanya doa la milele katika ukoo mwingine. Aliyekataa posa kwa sababu ya bibi wa mwenzake mara nyingi alikuwa na bibi wa aina hiyohiyo, ila wake hakutajwa.

"Siri ya mtungi aijuaye kata." Waliozijua siri za nyumba za waungwana walikuwa ni wale waliozinywesha, kuzipikia na kuzilelea watoto. Strobel (1979) anaonesha kwamba Mombasa makungwi waliowafunda wanawali wengi wao walikuwa wanawake wa asili ya utumwa. Binti wa kiungwana alifundishwa mambo ya siri kabisa na mwanamke ambaye kaka yake asingeruhusiwa kumwoa. Katika mji mdogo ujuzi huo ulikuwa mizani: kila upande ulijua ya upande wa pili, na amani ya mtaa ilitegemea kutosemwa kwa yote.

6.0 Waliokataa Kunyamaza, Waliohama, na Taifa Jipya

Si wote waliojificha. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia yenye asili ya utumwa, alihamia mjini mwanzoni mwa karne ya 20, akawa mwimbaji, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Wapinzani wake walimkejeli kwa asili na kwa sura yake, na yeye akawajibu hadharani kwa wimbo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alipomwandikia wasifu wake alimpa mwanamke wa asili hiyo nafasi ambayo maandishi ya Kiswahili yalikuwa yamezoea kuwapa masultani na mashehe. Wasifu huo ni hatua katika historia tunayoijadili: asili duni ilitajwa, na aliyetajwa hakupungukiwa.

Wengi zaidi walichagua kuhama. Pangani ilianza kufifia reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo Richard Hindorf alileta Kikogwe miche ya kwanza ya mkonge. Reli na mkonge viliunda soko la kazi ambalo halikuuliza nasaba. Mtu aliyevuka mto akaenda Tanga au kwenye mashamba ya bara aliweza kufika akiwa na jina kamili na ukoo. Wale waliobaki ndio waliobaki na siri, kwa maana siri ya nasaba huhitaji majirani. Mahali ambapo hakuna anayekujua, hakuna cha kuficha.

Baada ya uhuru wa 1961 serikali ilishambulia ngazi za heshima kutoka juu. Mamlaka ya machifu na majumbe yalifutwa mwaka 1963. Neno ndugu lilichukua nafasi ya bwana. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza wananchi kabila lao. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu mwanamke aliyefikia umri wa miaka 18 kuolewa bila kuhitaji idhini ya baba. Hatua hizi ziliwapa wazao wa watumwa jambo ambalo sheria ya 1922 haikuwapa: lugha ya hadharani ambayo ndani yake asili haikuwa na kazi. Hata hivyo, taifa lililokataa kuuliza asili halikuweza kuwakataza wazee kuikumbuka. Ubaguzi uliondoka ofisini ukabaki sebuleni, na posa ikaendelea kukataliwa kwa maneno yaleyale ya adabu.

7.0 Siri kama Amana: Wajibu wa Mtafiti

Kutokana na yaliyojadiliwa, mtafiti wa historia ya mji mdogo anakabiliwa na swali ambalo si la mbinu tu. Rejista za misheni, majalada ya kesi na nakala za hati za uhuru zina majina. Tasnifu inayowekwa wazi mtandaoni husomwa Pangani kama inavyosomwa chuoni, na kijana mwenye simu anaweza kulitafuta jina la ukoo wa mchumba wake. Tanbihi moja inaweza kuvunja posa. Mtafiti anayetaja jina kwa ajili ya ukamilifu wa ushahidi anaifanya kazi ileile iliyofanywa na wazee wa baraza: anauliza "ni watu gani hao?" na kulijibu swali mwenyewe, tena kwa maandishi.

Lipo pingamizi lenye nguvu. Kimya huwalinda wazao wa watumwa, lakini huwalinda zaidi wazao wa mabwana. Tukinyamaza, nyumba kongwe za Pangani zitaonekana kama zilijijenga, na sukari kama ilijichemsha. Waliofanya kazi watapotea mara mbili: mara ya kwanza walipoporwa asili zao, mara ya pili wanapoporwa nafasi yao katika historia.

Jibu linalopendekezwa hapa ni kutenganisha mambo mawili yaliyozoeleka kuchanganywa. Jina la mtu na la ukoo wake ni amana, na amana hairudishwi ila kwa mwenyewe. Mzao anayetaka kuitafuta asili yake apewe kila msaada, na anayetaka kuitangaza aitangaze yeye. Mfumo, kwa upande mwingine, si amana ya mtu yeyote. Nani alimiliki mashamba ya miwa, kazi ilifanywaje, amri zipi zilichelewesha uhuru na kwa faida ya nani, kafaa na wala zilitumikaje: hayo yanapaswa kusemwa kwa sauti, kufundishwa shuleni na kuelezwa kwa wageni wanaooneshwa majengo ya kale. Kadiri historia ya mfumo inavyosemwa wazi, ndivyo siri ya mtu mmoja mmoja inavyopoteza sumu yake, kwa sababu aibu inarudi kwa aliyeitenda.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba siri za nasaba katika Pangani zilizaliwa na namna utumwa ulivyoisha. Uhuru uliokuja kidogo kidogo, bila siku wala sherehe, uliiachia kila familia kazi ya kujitengenezea mwanzo. Majina, nguo na maneno vilitumika kuujenga mwanzo huo. Posa na mirathi vilitumika kuubomoa. Imeoneshwa pia kwamba familia za mabwana nazo zilikuwa na bibi zao wasiotajwa, na kwamba ubaguzi ulitegemea kanuni ya kuchagua ni bibi yupi ahesabiwe.

Methali tuliyoanza nayo, kwa hiyo, inahitaji kusomwa upya na watafiti wa fasihi simulizi na wa historia kwa pamoja. Katika miji ya mwambao kulikuwa na watu waliofanywa watumwa kwanza, kisha asili ikaondolewa kwao, na mwishowe wakalaumiwa kwa kutokuwa nayo. Wajukuu waliokaa kimya hawakuwa wakiiacha asili. Walikuwa wakiimalizia kazi ya uhuru ambayo amri za 1904 na 1922 ziliishia kuiandika karatasini.